Nani Amwambie Bi Harusi?

Tulikuwa kimya wiki kadhaa, na wengi mmetuuliza picha za harusi ya mdogo wetu ziko wapi. Picha zipo, ila chache. Leo tunaeleza kwa nini ni chache. Mwenyewe ameturuhusu tuandike, kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje.

Ilikuwa Jumatano baada ya Alasiri, siku ya hina. Bi harusi kakaa mkekani, mgongo ukutani, miguu kainyoosha juu ya mto. Mfundi wa hina keshamaliza mguu wa kulia, wa kushoto ndio kwanza kafika kwenye kifundo. Chumba chote kinanukia udi na singo. Simu ya mkubwa wetu ikalia ukumbini, na aliyepiga ni mtoto wa ami kutoka Maskati. Ami kaanguka baada ya sala ya Adhuhuri, wamemkimbiza hospitali, na roho imeshatoka.

Kwa wasiotujua: baba yetu alifariki sisi wadogo, babu hatukumkuta, na kaka hatuna. Tuko wanawake watupu, watatu tunaoandika hapa na bi harusi kitinda mimba. Ami ndiye aliyetulipia skuli. Ndiye aliyepokea posa, na ndiye aliyekuwa walii wa kumuozesha mdogo wetu siku ya Ijumaa. Tiketi yake ilikuwa ya Alhamisi. Joho lake tulikuwa tumeshalipiga pasi, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha wageni.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kumchukulia bi harusi simu yake. Tukamwambia itaingia hina. Kundi la familia lilikuwa limeshaanza kujaa rambirambi, na kuna mtu, Mungu amsamehe, keshaweka picha ya ami pamoja na mshumaa kabla mwili haujaoshwa. Siku hizi mfiwa ndiye wa mwisho kujua msiba wake.

Basi tukasimama jikoni watatu, kila mmoja anamtazama mwenzake. Mama alikuwa ameinamia meza, hana sauti. Nani aingie chumbani? Mmoja wetu, ambaye kazi yake ni ya kompyuta na kila kitu humuuliza akili mnemba, akatoa simu na kuandika: mdogo wangu ni bi harusi, ami yetu amefariki leo, nimwambieje?

Jibu lilikuja hata birika halijachemka. Lilianza kwa pole. Likatuletea ujumbe wa aina tatu, mmoja rasmi, mmoja wa upole, mmoja mfupi, na mwishoni likauliza kama tungependa liongeze emoji. Tusilidhulumu, mengine yalikuwa ya maana. Lilisema tutafute mahali tulivu, tusimwambie kwa simu, na neno "amefariki" tulitamke wazi tusizungukezunguke. Lakini kwenye ule ujumbe wa upole liliandika kwamba ami "sasa yuko mahali pazuri zaidi". Mama alinyanyua kichwa. Sisi hatumpangii marehemu makazi, tunamwombea. Halafu likamalizia: naelewa jinsi mnavyohisi.

"Anaelewa nini huyo?" somo akauliza. Alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, buibui lingali mwilini. "Kafiwa na nani?"

Tulicheka kidogo, wallahi, katikati ya machozi.

Kulikuwa na rai nyingine pale jikoni, nayo ilitoka kwa mdogo wetu sisi watatu: tumfiche mpaka ndoa ipite. Najua, na wenzangu wananiambia tuandike "tunajua", kwamba nyumba nyingi hufanya hivyo na kwa nia njema. Aliyetaka hivyo alimleta Ummu Sulaym, radhi za Allah ziwe juu yake, yule ambaye mahari yake yalikuwa Abu Talha kusilimu. Mtoto wao alifariki baba akiwa hayupo. Mume aliporudi alimpa chakula, akajipamba, wakalala pamoja, na baada ya hapo ndipo akamuuliza: watu wakiazima kitu, kisha wenyewe wakakitaka, je, wana haki ya kukizuia? Akasema hapana. Akamwambia basi, mtazame mwanao hivyo.

Kisa hiki tunakisimulia kila mahali kama mfano wa subira, na ni kweli. Lakini somo alitukumbusha kipande ambacho hurukwa: Abu Talha alikasirika. Alikasirika kwamba amewachwa ale na alale na mkewe, kisha ndio aambiwe. Alikwenda mpaka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akawaombea baraka katika usiku wao ule, wakaruzukiwa mtoto, Abdullah. Kwa hiyo hata habari iliyobebwa na mwanamke mwenye hekima ile ilimuumiza aliyepewa. "Haipo njia ya kumwambia mtu akafurahi," somo alisema. "Nyinyi mnatafuta njia hiyo ndiyo maana mnachelewa." Na tena, ndoa bila walii haifungwi, na ingekuwaje Ijumaa asimwone ami yake?

Mfundi wa hina akaitwa nje kwa kisingizio cha chai. Somo akaondoa chetezo, akafunga dirisha la uani ili kelele za watoto zisiingie, akakaa mkekani chini kuliko bi harusi, karibu na miguu yenye hina mbichi. Sisi tulisimama mlangoni. "Mwanangu, nimekuja na jambo zito." Akanyamaza kiasi cha kuvuta pumzi mbili. "Ami yako wa Maskati amefariki leo mchana. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Kisha hakusema lolote. Alimshika kisigino tu. Ule ukimya ulikuwa mrefu mpaka sisi tulitaka kuujaza kwa maneno, na somo akatukataza kwa jicho.

Mdogo wetu akacheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyeambiwa mzaha mbaya. Akauliza, "Sasa nani ataniozesha?" Palepale akaona alichokiuliza, akajifunika uso kwa mikono yake yote miwili, na hina ya viganja ikamganda mashavuni.

Yule mwenzetu wa simu, sijui alikuwa na nini, labda vidole vilitafuta kazi, akaandika mlemle: nimeambia, amecheka. Kile kitu kikajibu: nimefurahi kusikia kwamba amelipokea vizuri!

Alitusomea usiku, sauti inamtetemeka. Aliposahihisha, lilimwomba radhi na kumweleza kwa aya nne ndefu kwamba binadamu wakati mwingine hucheka kwa mshituko. Aya zote nne zilikuwa sahihi. Somo hakuwa na hata aya moja. Alikuwa ametoa kanga yake begani na kumfuta bi harusi hina usoni, akisema "Swali lako ni la haki, mwanangu, usione haya. Walii yupo."

Tumelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Mwaka 2019 huko California, hospitali moja ilipeleka mashine yenye magurudumu na kioo kwenye chumba cha mzee mgonjwa, na daktari kupitia kile kioo akasema kwamba hakuna matibabu yaliyobaki. Daktari alikuwa mtu kweli, si mashine. Lakini mzee alikuwa hasikii vizuri, na mjukuu wake aliyekuwa kando ya kitanda ndiye aliyelazimika kumrudilia maneno yale kwa mdomo wake mwenyewe. Hospitali ilieleza masikitiko yake baadaye. Sisi tulisoma habari ile zamani tukaipita. Sasa tunamfikiria mjukuu.

Mtatuuliza ndoa ilikuwaje. Mkewe ami, akiwa ndiyo kwanza anaingia eda ya miezi minne na siku kumi, alipiga simu mwenyewe usiku ule na kusema msivunje, marehemu asingependa. Uwalii ulihamia kwa mtoto wa ami, na kwa kuwa hakuweza kumwacha mama yake, alimuwakilisha sheikh wa msikiti wetu. Ijumaa baada ya Alasiri ndoa ikafungwa. Hapakuwa na ngoma wala ukumbi. Taarabu tuliirudishia radhi na wao, Allah awalipe, wakaturudishia nusu ya pesa. Biriani lilipikwa, na wageni wengine walikuja kwa mkono wa pole na wengine kwa mkono wa hongera, na wengi walichanganya yote mawili mlangoni.

Hina hatukuimalizia. Mfundi alirudi chumbani baada ya Magharibi, akakuta ya mguu wa kushoto imeshafutwa kwa machozi na kanga, akauliza kama aanze upya. Bi harusi akakataa. Ukizitazama zile picha chache utaona: mguu wa kulia umekoza mpaka unakaribia weusi, wa kushoto una maua mawili mepesi karibu na kisigino, pale mkono wa somo ulipokuwa.