Pia na Theluthi Yake
Hisabati nilifundishwa kwa Kiingereza, nikaikariri kanuni ya ujazo wa pia kama kasuku. Nilipomfunza mdogo wangu kwa Kiswahili, tuliunda kwa karatasi ngumu pia na mcheduara vyenye kitako na kimo sawa. Pia ikajazwa mchele, ikamiminwa mara tatu; mcheduara ukajaa pomoni. “Kumbe ni theluthi!” akasema.

Archimedes alimtaja Eudoxus kuwa ndiye aliyelithibitisha jambo hilo. Kwa nusu kipenyo cha sentimita 7, kimo 12 na pai 22/7, mcheduara huwa na sentimita za ujazo 1,848, pia, 616.

Istilahi yenyewe ni jina la kichezeo cha watoto kizungukacho. Wanaodai Kiswahili hakiimudu sayansi, na waje wapime mchele.