Kwa Nini Unataka Kazi Hii?



Katika mahojiano ya kazi, swali linalowatesa wengi wenu si lile la hesabu wala lile la kompyuta. Ni hili: "Kwa nini unataka kazi hii?" Kijana mwenye diploma yake ya taifa, aliyejibu vizuri kila aliloulizwa kuhusu masomo, akifika hapo huitazama sakafu, kisha huanza kukariri. Shule hii ina sifa kubwa. Mimi ni mchapakazi. Napenda kushirikiana na wenzangu. Niko tayari usiku na mchana. Nimeketi mara kadhaa kwenye meza ya wanaopokea walimu wapya katika shule zetu za kikatoliki, na maneno hayo nimeyasikia kwa mpangilio uleule, kana kwamba wote waliandikiwa na mtu mmoja. Na pengine ndivyo ilivyo, kwani barua nyingi huchapishwa kwa yule mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko, naye hubadilisha jina na tarehe tu. Mojawapo iliisifu sana zahanati yetu. Sisi tulikuwa tunatafuta mwalimu wa darasa la pili.

Neno lenyewe limetuvuruga. Barua hiyo tunaiita ya motivasioni, na motivasioni katika nchi yetu ina historia yake. Miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walichanga ili shule zisifungwe, na mchango huo ukaitwa hivyohivyo. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, mchango ulipaswa kukoma, lakini neno halikusahauliwa. Mtoto wa Kongo amekua akijua kwamba motivasioni ni noti mkononi. Si ajabu akiulizwa ana motivasioni gani aone haya, kama mtu aliyeulizwa bei yake.

Haya hizo hazina msingi. Kuhitaji mshahara si dhambi. Mtakatifu Paulo alishona mahema kule Korintho. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba ujira wa haki ni ule unaomwezesha mtu kuitunza jamaa yake. Na wale vibarua wa saa ya kumi na moja, katika mfano wa shamba la mizabibu, walipoulizwa mbona wamesimama kutwa bila kazi, hawakutunga hotuba. Walisema tu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba aliridhika na jibu hilo.

Lakini tukumbuke pia kwamba vibarua wale hawakuwa wakishindania nafasi moja. Kwenu ninyi, walioketi kwenye benchi nje ya mlango wote wana njaa ileile, kwa hiyo njaa peke yake haimsaidii anayepaswa kuchagua. Anataka kujua kwa nini kazi hii, wala si nyingine.

Nawasimulia jibu moja ambalo sijalisahau. Kijana mmoja alisema: "Mimi ni mkubwa wa watoto saba, na baba hawezi tena kufanya kazi. Nahitaji mshahara. Lakini fedha ningeweza kuzitafuta kwa kuuza unite za simu, kama nilivyofanya mwaka jana. Mdogo wangu alikuwa akichanganya b na d. Palipoandikwa 'baba' yeye alisoma 'dada', na watoto wenzake wakamcheka. Darasa lao lina watoto zaidi ya sitini. Mwalimu hakupata nafasi ya kuliona. Nilichukua makaa nikamwandikia ukutani. Nikamwambia: b hutanguliza fimbo, d hutanguliza tumbo. Tulikaa majuma matatu kwenye ukuta ule, na mama alinigombeza kwa uchafu. Siku aliposoma bila kukosea, nilitamani kujua kama ningeweza kumfanyia vile mtoto asiye wa mama yangu."

Tulimpokea. Alama zake hazikuwa za juu kuliko za wengine, lakini yeye peke yake ndiye aliyetutajia mtoto. Wenzake walikuwa wamezungumza juu yao wenyewe, na juu yetu.

Sisi makatekista tunaijua hali hii kwa upande mwingine. Mkatekumeni anapopokelewa mlangoni mwa kanisa, huulizwa anaomba nini, naye hujibu kwa neno moja tu: imani. Hakuna anayemtaka alisifu jengo. Lakini neno hilo moja lina uzito kwa sababu amekwisha kutembea nasi, ametuona tulivyo, na bado anataka kuingia. Basi kabla ya mahojiano, nendeni mkaione kazi. Fikeni mapema siku moja kabla. Msalimieni mlinzi; yeye anajua mengi kuliko tangazo. Mtafuteni aliyewahi kuifanya kazi ile na mumuulize kilichomchosha. Anayejua kinachochosha na bado anaitaka kazi, huyo hahitaji kukariri.

Kuna mlango ambapo swali halisemi "kwa nini" bali "umeleta nini". Nafasi huuzwa, tusifichane. Na wasichana wengine huombwa jambo baya zaidi ya fedha. Hapo mahojiano yamekwisha, binti yangu: simama, toka, na siku hiyohiyo umwambie mzazi wako au mtu mzima unayemwamini parokiani. Usirudi peke yako, hata wakikuita kwa maneno matamu.

Na aliyeajiriwa asidhani amelimaliza swali. Hurudi, safari hii bila karatasi mezani, limeshika bahasha. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma na wa jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Walimletea fedha ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, wakamwua Julai 2007. Alikuwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri huko Roma Juni 2025. Naye pia alikuwa na watu mbele ya macho yake: wale ambao wangekula chakula kile.

Nimalize na haki yenu moja ambayo wachache huitumia. Wanafunzi wale wawili wa Yohane Mbatizaji, Yesu alipowauliza wanatafuta nini, walimjibu kwa kumuuliza anakaa wapi. Hakuchukizwa, aliwaalika waje waone. Nanyi mkiambiwa, "Una swali?", msiseme hapana kwa adabu. Mnaoomba ualimu, ulizeni hivi, kwa heshima na kwa sauti inayosikika: nafasi hii imekwisha kuingia katika orodha ya malipo ya serikali, au ni ya N.U. wanaongoja? Na kama ni ya kungoja, waliotangulia wamengoja miaka mingapi?