Maji au upepo? Kisa cha kompyuta yangu ya kwanza

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, niwape kisa cha mashine ninayoandikia.

Mwaka 2023 niliamua kujiundia kompyuta, kipande kwa kipande. Pesa zilitoka kwa vibarua vitatu vya tovuti, na nikikosea hakukuwa na nyingine. Prosesa niliyochukua ni Ryzen 7 5800X ya mwaka 2020. Ni hodari, lakini haiji na feni kwenye boksi, na ina moto kweli: AMD wameiandika wati 105, ila inaweza kuvuta hadi 142. Ikifika nyuzi 90 hujipunguzia kasi yenyewe. Sasa niipoze kwa maji au kwa upepo?

Moyo ulitaka maji. Zile bomba, zile taa za rangi! Nilishajiona nikiwaita marafiki waje waone.

Nikamweleza jirani yangu, mzee mmoja fundi wa magari hapa Mombasa. Akaniuliza, "Maji yakishabeba moto, yanaupeleka wapi?"

"Kwa rejeta, mzee."

"Na rejeta?"

"Feni zinaupuliza chumbani."

"Basi kijana wangu, kinachopoza ni chumba chako."

Nilinyamaza. Chumba changu mwezi wa Machi hufika nyuzi 32, na maji hayawezi kupoa chini ya hapo. Maji ni matwana tu ya kubeba joto.

Halafu nikagundua kwamba hata kipozaji cha upepo kina majimaji. Ile mirija ya shaba ina kiasi kidogo ndani: hugeuka mvuke upande wa prosesa, hukimbilia kwenye mapezi ya aluminiamu, hupoa, kisha hurudi. Hakuna pampu. Kinachoweza kufa ni feni, na feni inauzwa mjini. Pampu ya ule mtambo wa maji ikifa, mara nyingi unanunua mtambo mzima, na kwangu kazi inasimama mpaka ufike.

Tusiyaonee maji lakini. Kama prosesa yako inavuta zaidi ya wati 200 kwa saa nyingi, rejeta kubwa itakufaa. Pia prosesa haibebi lile lundo zito la chuma linaloning'inia kwenye madabodi.

Nikanunua cha upepo, kwa chini ya nusu ya bei ya maji. Pesa iliyobaki nikaongezea UPS, maana stima zetu mnazijua.

Siku ya kwanza ya kukompaili, nyuzi 86! Nikajuta kabisa. Kisha nikaingia BIOS, nikaifungia prosesa wati 88. Ikashuka hadi nyuzi 71, na kazi ikachelewa sekunde chache tu. Kumbe dawa ya kwanza ya joto ni kutolizalisha, na dawa hiyo ni ya bure.

Mwaka 2025 feni ilikufa Ijumaa asubuhi, nikiwa na kazi ya mteja ya Jumatatu. Nikapanda matatu hadi mjini, nikanunua nyingine, nikaifunga kwa klipu zake mbili. Saa nane mchana nilikuwa nimerudi kazini.

Marafiki hawajawahi kuja kuiangalia, lakini mteja alilipa. Haya, siku njema, na stima zisipotee.