Magunia Matatu Juu ya Paa

Kafyu ya usiku ilipoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020, shule zilikuwa zimekwisha kufungwa, na Jumapili hatukuwa na ibada kanisani. Sisi wauguzi tuliendelea kwenda kazini. Nyumbani kwetu Nairobi, ghorofa ya nne, nililala chumba cha peke yangu nisije nikawaambukiza watoto. Baba yao ndiye aliyewapikia na kuwalaza. (Wanaume wakitaka, wanaweza!)

Kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, akaanza kunyamaza. Hakuwa na homa wala kikohozi. Chakula alikidonoa tu.

Basi tukapanda juu ya paa, panapoanikwa nguo. Tukajaza magunia matatu udongo na samadi, tukayatoboa ubavuni na kupanda miche ya sukumawiki. Mvua ya masika ilitusaidia. Kila asubuhi kabla ya zamu nilisimama upande mmoja wa kamba, nimevaa barakoa. Yeye upande wa pili na kopo lake la maji. Hapo ndipo alipoanza kuongea tena. Siku moja alihesabu viwavi tisa, kisha akauliza, "Mama, wagonjwa wako wamekula?"

Kama muuguzi najua mwanga wa asubuhi husaidia usingizi wa usiku, na kweli alilala vizuri zaidi. Lakini mimi nilipanda kule kuisikia sauti yake.

Njia za kutoka Nairobi zilipofunguliwa Julai 2020, tulimwambia tunakwenda kwa nyanya. Akauliza kwanza nani atamwagilia magunia.