Kituo kwa Kituo

Reli itokayo Kaliua hadi Mpanda, yapata kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, ikachukua watu. Lengo lilikufa, njia haikufa.

Kijana wa Mpanda atamaniye uigizaji ana la kujifunza hapo. Akiiweka akiba furaha yake yote hadi jina lake liandikwe kwa herufi nene juu ya jalada la filamu, huenda asifurahi kamwe. Siku ya kwanza aliposimama mbele ya watu uani mwa shule asisahau maneno. Siku alipopewa sentensi moja ya kusema, badala ya kupita kimya. Siku mamaye, aliyekuwa akinuna, alipokuja kutazama: hivyo navyo ni vituo, na garimoshi husimama.

Steven Kanumba naye alitoka bara, Shinyanga, alikozaliwa mwaka 1984. Kabla ya filamu zilizompa jina, alipitia kundi la Kaole na michezo yake ya televisheni. Tarehe 7 Aprili 2012, mwaka ule ule Katavi ilipopata kuwa mkoa, alifariki akiwa na miaka 28. Maelfu walijitokeza kumzika, Kinondoni.

Umati ule ulikuja mwisho wa safari. Vigelegele vya mwanzo hupigwa na wachache, pengine kwa chai na maandazi. Lakini hivyo ndivyo mwenyewe huvisikia.