Tulitembea mpaka uwanja wa ndege wa Kolwezi



Ukitoka katikati ya Kolwezi kwenda kusini, mji haukatiki ghafula. Nyumba za matofali zinapungua polepole, unaanza kuona mihogo, mashina ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mifuko ya makala imepangwa kando ya njia, kisha uwanda mpana ambako ndege inatua. Huko ndiko tulikokwenda Jumamosi iliyopita, wamama 11 wa chama chetu, wanne kati yetu walimu. Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu aliye juu ya moto haoni kitu.

Uwanja huu si mgeni kwetu. Wazee hawautaji bila kukumbuka Mei 1978, vita ilipoingia mjini tarehe 13, askari wa Ufaransa wakaruka kwa parashuti tarehe 19, na wale wa Ubelgiji wakatua na ndege zao kesho yake. Mama mmoja wa kundi letu alikuwa msichana wa miaka 9 wakati ule. Tulipofika mahali ambapo uwanja unaonekana, alituonyesha kwa mkono upande waliokimbilia, akanyamaza, nasi hatukumwuliza zaidi.

Habari ya siku hizi ni nyingine. Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa na Lualaba ikawa jimbo lake, Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo, na jimbo linataka uwanja unaofaa ndege kubwa. Hatuna neno juu ya hilo. Mgonjwa anayepelekwa Kinshasa anauhitaji, mfanyabiashara vilevile. Tulichotaka kuona ni jinsi kazi inavyofanyika karibu na mashamba na visima vya wenzetu.

Tulipokewa na vumbi. Kamyo zinabeba udongo mwekundu bila turubai, zinapita mbio, na nyuma yake huoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Lengalenga iliyopandwa kando ya njia ilikuwa na rangi ya matofali. Mama anayeiuza alituambia anaiosha mara tatu kabla ya kuipeleka sokoni, na maji ya kuosha anayanunua kwa bidoni. Hesabu ya faida yake mnaweza kuifanya wenyewe.

Vumbi la Kolwezi si vumbi tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya Kasulo, kartye ambayo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walipima mkojo na damu za wenyeji. Watoto wa mahali pale walikuwa na kobalti kwenye mkojo mara kumi kuliko watoto wanaoishi mbali na machimbo. Njia ya uwanja si machimbo, ni kweli, lakini udongo wetu ni udongo wa shaba na kobalti, na mtoto wa miaka mitatu anacheza chini kisha anatia mkono mdomoni. Kumwagia njia maji, kufunika kamyo na kupunguza mwendo karibu na nyumba si kazi ngumu. Kijana mmoja wa kazi alituambia kamyo ya maji inapita mara mbili kila siku. Sisi tulikaa pale kuanzia saa tatu mpaka saa saba, tukaiona mara moja.

Mbele kidogo tulikuta shimo. Kila ujenzi wa namna hii unahitaji udongo wa kujazia, na udongo huo unachimbwa mahali fulani. Shimo tuliloliona lina kina cha kumzidi mtu mzima mara mbili, kingo zake zimekatwa wima kama ukuta, halina kamba wala kibao. Leo ni kavu, watoto wanacheza mpira ndani. Mvua zikianza Oktoba litajaa maji, na maji mekundu hayaonyeshi kina chake. Mbu pia watapata makao. Shimo la namna hii, kazi ikiisha, linatakiwa kulainishwa kingo, kufunguliwa njia ya maji, na kurudishiwa udongo mweusi wa juu. Udongo wa juu ndio unaootesha. Katapila wanapoanza kazi wanapaswa kuukwangua kwanza na kuutunza kando, peke yake. Tuliutafuta huo udongo uliotunzwa. Tuliona lundo moja tu, na kila kitu kilikuwa kimechanganywa humo: mizizi, mawe, vipande vya saruji.

Sasa maji. Na wanafunzi wa darasa la sita tulifanya hesabu hii, jaribuni na watoto wenu nyumbani. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni litri moja. Chukua njia ya ndege ya lami yenye urefu wa mita 2,000 na upana wa mita 45, hiyo ni mita za mraba 90,000. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50 mchana mmoja, kama tunavyozijua za Januari, ni litri milioni 4 na laki 5. Ni bidoni 225,000 za litri 20. Zamani maji hayo yalinywewa na majani na udongo. Lami hainywi. Kama mfereji umechimbwa vizuri, yatafika kijitoni polepole. Kama haukuchimbwa, yatapita katika mashamba ya mihogo na kuingia visimani, pamoja na mafuta ya mashine yaliyomwagika. Na vijito vya kwetu vinaishia Lualaba, ambako watu wanavua samaki wanaokuja sokoni kwetu.

Baadhi yetu tuliwahi kufika Goma, kaskazini, kabla ya vita ya Januari 2025 kuufunga uwanja wake. Huko ni mawe meusi tupu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, moto wake ulipita mjini mpaka ziwani, na ukafunika sehemu ya njia ya ndege, ambayo ilikuwa ya mita 3,000 hivi, zikabaki kama 2,000. Miaka mingi ndege zilitua kwenye kipande hicho. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 52 kutengeneza usalama wa uwanja ule. Tulichokishangaa ni jinsi nyumba zilivyousogelea. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ilishindwa kupaa, ikaingia Birere, kartye ya soko, watu makumi wakafa. Novemba 2019 nyingine ndogo ikaangukia nyumba za watu.

Kwa hiyo hatusemi mashamba na nyumba zibaki mpaka mguuni pa ndege. Nafasi tupu kuzunguka uwanja inaokoa watu. Lakini nafasi hiyo ina wenyewe. Pale Kolwezi tulihesabu mashamba 17 yaliyowekewa vigingi vyenye rangi nyekundu, na 12 kati yake yanalimwa na wamama, watano kati yao wajane. Mmoja alionyeshwa vigingi asubuhi akienda kung'oa mihogo. Hakuna aliyemwambia ni vya nini. Mihogo inataka mwaka mmoja na zaidi mpaka iive. Ukiambiwa kuondoka mwezi wa sita, umepoteza chakula cha nyumba nzima. Hili ndilo lililotuuma kuliko vumbi.

Sheria ya nchi ipo. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi mkubwa ufanyiwe uchunguzi wa mazingira na wa maisha ya watu kabla ya kuanza, pamoja na mpango wa kuzuia madhara, na wenyeji waulizwe. Kuna ofisi ya taifa, ACE, inayokagua kazi hiyo. Shida ni kwamba karatasi zinaandikwa Kifaransa, ni nene, na zinakaa ofisini. Mama wa mihogo hatazifuata huko. Tumeomba muhtasari, na walimu wa chama watausoma kwa Kiswahili mbele ya wote, ukurasa kwa ukurasa.

Shefu wa kartye amekubali tukutane na msimamizi wa kazi Alhamisi ijayo, saa nane mchana, chini ya mwembe wa shule. Tutaomba mambo matatu: shimo liwekewe uzio kabla ya Oktoba, kamyo zifunikwe, na vigingi vielezwe. Kila mama mwenye shamba upande ule apime shamba lake kwa hatua, urefu na upana, na aandike miti ya matunda iliyomo. Aliye na karatasi ya shamba aje nayo. Asiye nayo aje na majirani wawili wa shamba wanaomfahamu. Wasiojua kuandika wapite shuleni Jumatano baada ya masomo, tutawaandikia.