Safari ya Durban: Alama za Wenzetu Waitwao Wazanzibari



Ndugu wasomaji, katika darasa la Jumamosi hapa Yeoville mtoto mmoja alituuliza: "Mwalimu, mbona Durban kuna watu waitwao Wazanzibari, na Kiswahili hawakijui?" Tuliona haya kumjibu kwa kukisia. Usiku wa Alhamisi tukapanda basi kituo cha Park Station, tukapita Harrismith na mteremko wa Van Reenen, na baada ya zaidi ya kilomita 550 tukaamkia harufu ya bahari, ambayo wengi wetu hatukuinusa kwa miaka.

Sisi wa mwambao tumezoea alama za mawe. Kizimkazi kuna maandishi ya kibla ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kilwa Kisiwani kuna Msikiti Mkuu. Mkunazini, Unguja, kanisa limesimama palipokuwa na soko la watumwa. Hivyo Durban nako tulikwenda kutafuta jiwe.

Asili ya watu hawa inaanzia karibu na soko hilo. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Mwezi Agosti mwaka huo huo manowari iitwayo Briton iliwashusha Durban watu 113 waliokombolewa, na hadi 1880 walikuwa wamefika wapatao 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Jina la Zanzibar walilipata kwa njia waliyopitishwa, si kwa nchi waliyozaliwa. Na uhuru wao haukuwa kamili, kwani koloni la Natal lilihitaji vibarua na likawafunga kwa mikataba ya kazi.

Ijumaa tuliswali katika Msikiti wa Juma, ulioanzishwa mwaka 1881 katika mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kama Grey Street, ambao leo una jina la Dr Yusuf Dadoo. Wadhamini wa msikiti huu ndio walionunua ekari 43 pale King's Rest, juu ya kilima cha Bluff, mwaka 1899, ili Waislamu hawa wapate pa kukaa. Hapo waliishi zaidi ya miaka sitini, wakaswali, wakasomesha watoto na kuzika wazee wao.

Kisha zikaja sheria za ubaguzi. Serikali haikujua iwaweke wapi: kwanza iliwahesabu Waafrika, kisha Machotara, na mwaka 1961 ikawaandika "Waasia wengineo". Wakaondolewa kilimani na kupelekwa Chatsworth, mji uliotengwa kwa Wahindi. Jina walilopewa bila kuulizwa, pamoja na dini yao, likawa ngao ya kuwaweka pamoja.

Tulipanda Bluff. Chini yetu bandari ilikuwa imejaa meli. Tulisoma Fatiha, tukashuka.

Jioni tulifika Bayview, Chatsworth. Mama mmoja mtu mzima, aliyehamishwa akiwa mtoto, alitukaribisha chai. Kwa wajukuu wake alisema Kizulu, kwetu Kiingereza, na kwa dada yake Kimakua. Tulimwuliza kama huikumbuka nyumba ya King's Rest. Akajibu kwamba nyumba ameanza kuisahau, lakini majina hayamtoki. Akaanza kutuhesabia: baba yake, babu yake, na baba wa babu yake aliyeshuka melini. Tulinyamaza. Jiwe tulilolifuata tulikuwa tumeketi mbele yake.

Ndugu zetu, tuseme kweli. Mwaka jana tulimzika mwenzetu hapa Johannesburg, na katika sisi tuliosimama kaburini hapakuwa na hata mmoja aliyejua jina la baba yake. Tulijua alikouzia bidhaa zake, tulijua chumba alichopanga, basi. Hatuna ekari 43. Tuna vyumba vya kupanga, na mwenye nyumba akitaka tutahama. Waliotekwa na kuvushwa bahari kwa nguvu wamehifadhi nasaba zao kwa takriban miaka 150. Sisi tuliokuja kwa hiari yetu, kwa basi na kwa ndege, tutakuwa na udhuru gani?

Kwa hiyo tunaiomba kila nyumba ifungue daftari. Andikeni jina la baba na babu, mji mliotoka, mwaka mliofika, na kila maiti wetu amezikwa wapi. Mtoto aliyeuliza swali lile tayari ameanza lake. Amefika kwa babu, akakwama, na sasa anangoja barua kutoka Tanga.

Wabillahi tawfiq.